Kuku wa Maskini Naye Hutaga

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua, huchukuliwa na mwewe. Sisi wa Mlandizi na vijiji vya jirani huitamka methali hiyo tukicheka, lakini kicheko chenyewe kina uchungu ndani yake. Ni maneno ya mtu aliyejaribu mara nyingi akashindwa, hata akaamua kwamba kushindwa ndiyo majaaliwa yake.

Ndugu msomaji, maoni yangu ni kwamba methali hiyo inaeleza hali ya maskini, wala haielezi sababu yake. Kuku asiyetaga ana sababu. Yai lisiloanguliwa lina sababu. Mwewe naye ana njia zake, na njia hizo zinajulikana. Mtu anapotaka kuanza kufuga kuku nyumbani kwake, jambo la kwanza analouliza ni fedha: banda litagharimu kiasi gani, vifaranga watanunuliwa wapi, chakula kinauzwa bei gani. Nasema mtu huyo ameanza katikati. Yapo maswali mawili yanayotangulia: kuku hawa watakuwa mali ya nani, na je, majirani zangu wako tayari kuchanja kuku wao siku moja na mimi? Asiyejibu maswali hayo mawili atajenga banda zuri, kisha atalifagia likiwa tupu.

KUKU NI MALI YA NANI?

Katika nyumba nyingi za Pwani, shamba lina jina la baba, kiwanja kina jina la baba, na baiskeli au pikipiki ni ya baba. Kuku peke yake ndiye mali ambayo mama, bibi mjane, hata mtoto wa shule, aweza kuianza bila hati na bila kuomba kipande cha ardhi. Hili si jambo dogo katika eneo kama letu, ambako viwanja kando ya barabara ya Morogoro vinaendelea kununuliwa na wenye uwezo kutoka mjini, na wenyeji wanazidi kusogea ndani. Mwenye uwanja wa hatua ishirini hawezi kufuga ng'ombe, lakini mitetea watano anaweza.

Hata hivyo, ni mara ngapi tumeona mama akihangaika na kuku mwaka mzima, akawapa maji, akawafungia jioni, akawaokoa na kicheche usiku, kisha siku ya kuuza baba akawafunga miguu, akaenda nao sokoni na kurudi mikono mitupu? Au mgeni akifika, kuku wa mtoto huchinjwa bila mtoto kuulizwa, naye huambiwa atalipwa mwingine ambaye halipwi kamwe. Na mume akifariki, ndugu huja kuhesabu kila kitu hadi vifaranga walio chini ya tenga. Mambo haya tumeyazoea mno hata hatuyaiti dhuluma. Lakini dhuluma haipungui kwa sababu kitu kilichochukuliwa ni kidogo. Kwa aliye na kuku watano tu, watano hao ndio utajiri wake wote.

Sheria za nchi yetu ziko wazi kuliko desturi zetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba ndoa haibadili umiliki wa mali ya mume au ya mke, wala haimzuii mmoja wao kupata mali yake mwenyewe na kuitumia. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Kama kupika na kufua ni mchango, kulea kuku nako ni mchango. Kwa hiyo, kabla ya kununua mtetea wa kwanza, watu wa nyumba moja wakae chini wakubaliane: kuku hawa ni wa nani, nani ataamua kuuza, fedha zitafanya kazi gani, na mayai mangapi yatabaki kwa ajili ya watoto. Hili la mwisho nalisisitiza. Zipo nyumba ambamo kila yai huuzwa au huatamiwa, na mtoto aliyetumwa kuliokota hajui ladha yake.

SOMO LA JIRANI YETU KIBAHA

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1963, nchi za Nordiki kwa kushirikiana na Tanganyika zilianzisha pale Kibaha kituo cha kupambana na maadui watatu aliowataja Mwalimu Nyerere: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Tanzania, nasi twakijua leo kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Waanzilishi waliweka mahali pamoja shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima.

Mpango huo una hekima ambayo hatupaswi kuisahau. Mtoto mwenye njaa hafundishiki. Mama asiye na nauli hafiki Tumbi kwa matibabu. Mkulima asiyejua namna ya kukinga mifugo yake atabaki maskini hata akiamka alfajiri kila siku. Kuku wa nyumbani huyagusa mambo yote matatu: yai ni lishe, jogoo aliyeuzwa ni nauli au daftari, na namna ya kuwatunza ni elimu. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba kuku si jambo la kujadiliwa katika Tume ya Haki na Amani, kwamba hiyo ni kazi ya afisa mifugo peke yake. Afisa mifugo anao ujuzi wa dawa. Lakini hawezi kuamua kwa niaba yetu kama tutatendeana haki nyumbani na kama tutashirikiana mtaani.

KUKU HATAGI

Tuichukue sasa methali yetu kifungu kwa kifungu. Kuku hatagi kwa sababu zilizo dhahiri. Kuku aachwaye ajitafutie kila kitu hutumia nguvu zake zote kuchakura, asibakiwe na za kutaga. Pumba za mahindi alizonazo kila mtu humpa nguvu, lakini hazitoshi. Anahitaji pia vya kujenga mwili: mchwa, mashudu ya alizeti, vumbi la dagaa, tena majani mabichi, na chokaa au maganda ya mayai yaliyopondwa kwa ajili ya ganda la yai. Maji safi yawe kivulini mchana kutwa, kwani kuku aliyeshinda na kiu katika joto la Pwani hupunguza kutaga upesi.

Banda la kuanzia si la matofali. Miti, fito, udongo na makuti vyatosha, mradi kuta ziwe na nafasi ya kupitisha hewa juu, sakafu iwe kavu, na mlango ufungike. Maganda ya mpunga, ambayo bonde la Ruvu linatupatia, ni matandiko mazuri yakibadilishwa yanapolowa. Kwa kila mita moja ya mraba wasilale kuku zaidi ya watano. Pawe na viota mahali penye giza kidogo, kimoja kwa kila mitetea wanne au watano, na majivu ya kuogea ili kupunguza chawa, utitiri na viroboto. Kuku anayenyonywa damu usiku kucha hawezi kutaga asubuhi.

KUKU HAANGUI

Yai la kuanguliwa lataka uangalizi. Liokotwe kila siku, lihifadhiwe mahali pa baridi, ncha nyembamba ikitazama chini, wala lisikae zaidi ya siku 7 hadi 10 kabla ya kuwekwa chini ya kuku. Mtetea mmoja apewe mayai 10 hadi 12 anayoweza kuyafunika vizuri. Jogoo mmoja atosha mitetea kumi. Lakini asiwe ndugu wa mitetea hao, maana uzao wa ndugu kwa ndugu hudhoofika. Hapa tayari jirani anahitajika, kwani njia rahisi ni kubadilishana majogoo kati ya nyumba na nyumba.

Aidha, ukiwa na mitetea wawili au watatu wanaotaka kuatamia, wawekee mayai siku moja. Baada ya siku 21 wataangua pamoja, na mama mmoja anaweza kulea vifaranga wa wenzake. Hao wengine watapumzika kidogo, kisha watarudi kutaga mapema. Kuku wa asili akiachwa afuate mzunguko wake wote, yaani kutaga, kuatamia na kulea hadi vifaranga wajitegemee, hawezi kuzidi mizunguko mitatu au minne kwa mwaka.

MWEWE NI NANI?

Mwewe wa angani tunamjua, pamoja na wenzake wa ardhini: kicheche, kanu, nguchiro na kenge. Dawa yao ni tenga. Vifaranga wafungiwe pamoja na mama yao kwa majuma manne ya kwanza, wapewe chakula laini na maji katika chombo kifupi wasichoweza kuzama, nao wengi watapona. Tufanye hesabu ya mfano. Mitetea watano wakiangua vifaranga tisa kila mmoja, hao ni 45. Kama wanaachwa wazagae, wakapona watatu kwa kila mama, mfugaji atabaki na 15. Kama wanafungiwa na wakapona saba, atabaki na 35. Mitetea ni wale wale. Kilichobadilika ni tenga na uangalizi wa mwezi mmoja.

Lakini yuko mwewe mkubwa kuliko hao wote, naye haonekani kwa macho. Ni ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia katika kijiji kisichochanja waweza kuua kuku 90 kati ya 100 kwa siku chache. Kuku hupumua kwa shida, hunya kinyesi cha kijani, shingo hupinda, mabawa na miguu hupooza. Ukishaingia hauna tiba. Vidonge vya watu, pilipili, mwarobaini na shubiri haviuponyi, ingawa wengi wametumia fedha zao za mwisho kununua matumaini hayo.

Ugonjwa huu hauui kuku tu, unaua na ujirani. Kuku wa nyumba moja wakifa wote na wa pili wakabaki, maneno huanza: fulani ana jicho baya, fulani alipita hapa jana akawatazama. Watu waliozikana kwa miaka mingi huacha kusalimiana kwa sababu ya kirusi kilichobebwa na tenga la mchuuzi, au na kuku aliyenunuliwa sokoni akachanganywa na wengine siku hiyo hiyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga. Nasi tuongeze kwamba akae na kamba yake mbali na wenyeji kwa siku 14, tumtazame.

Tena liko kosa tunalolitenda tukijua. Mdondo ukianza mtaani, wenye kuku hukimbilia kuwauza haraka kabla hawajafa. Kuku hao hupelekwa sokoni au husimamishiwa mabasi barabarani, nao hupeleka ugonjwa Chalinze, Kisarawe na kokote watakakoshushwa. Muuzaji hujisifu kuwa ameokoa shilingi zake. Kwa kweli ameuza msiba kwa mama mwingine asiyemjua. Kuku wagonjwa wasiuzwe, na mizoga izikwe au ichomwe, isitupwe kichakani.

Kinga ipo. Chanjo iitwayo I-2 hutolewa kwa tone moja katika jicho, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa haiachwi juani, na ikishachanganywa ni vyema itumike siku hiyo hiyo. Kuku wachanjwe wakiwa wazima, maana haiwasaidii waliokwisha kuugua. Na chanjo hii haitoki nchi za mbali. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania huitengeneza katika kituo chake kilichopo Kibaha, safari fupi ya daladala kutoka hapa. Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua huko Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wamo. Basi kuku wa Mlandizi akifa kwa mdondo, tusiseme ni majaaliwa. Tuulize nani hakupeleka habari, nani hakuleta chanjo, na nani alikataa kuchangia.

Hapa ndipo maskini hukwama. Kichupa kimoja kina dozi za kuku 100 au zaidi. Mwenye kuku wanane hawezi kukinunua peke yake, akatumia matone manane na kumwaga yaliyobaki. Na hata akiweza, kuku wa jirani wasiochanjwa watauendeleza ugonjwa mtaani, na vifaranga wake waliozaliwa baada ya chanjo watakufa. Nyumba kumi na mbili zikichangia pamoja, gharama ya kila kuku hushuka hata yai moja laweza kulipia kuku kadhaa. Ndiyo maana nasema mwanzo wa kufuga ni jirani. Na jirani ni jirani: mdondo hauulizi kama nyumba hii ni ya Mkristo au ya Mwislamu. Siku ya chanjo iwe siku ya mtaa mzima.

MWEWE ASIYE NA MABAWA

Kuna mwewe mwingine ambaye siku hizi amekuwa mkali, nao wananchi wenyewe wamempa jina: mikopo ya kausha damu. Mama huambiwa kuwa kuku wa kisasa wa nyama hukomaa kwa majuma machache na faida yake ni kubwa. Anakopa, ananunua vifaranga 100. Lakini vifaranga hao wanahitaji joto usiku na mchana katika juma la kwanza, chanjo kwa tarehe zake, na chakula cha dukani yapata mifuko 5 au 6 ya kilo 50 kabla ya kuuzwa. Marejesho huanza juma linalofuata, ilhali kuku hawauzwi mpaka juma la tano. Marejesho manne ya kwanza yatatoka wapi? Yanatoka katika mkopo wa pili. Vifaranga wakifa, wakopeshaji hubeba godoro, runinga na sufuria mbele ya watoto.

Sisemi kuku wa kisasa ni wabaya. Wapo watu wa Kibaha waliosomesha watoto kwa kuku hao. Nasema si mahali pa kuanzia kwa mtu asiye na akiba wala uzoefu, na hasa si kwa fedha za kausha damu. Tukumbuke pia kwamba anayetegemea vifaranga wa maboksi yuko chini ya mambo asiyoyatawala. Mwezi Oktoba 2017, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto na mamlaka zetu huko Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Mtu aweza kubishana kuhusu uamuzi ule, lakini mtetea anayeatamia nyuma ya nyumba hapiti mpaka wowote.

Wengine watanijibu kwamba kuku wa asili hukua polepole na faida yake ni ndogo. Ni kweli, hukua polepole. Hadi kuuzwa yapita miezi mitano au sita. Lakini hakosi mnunuzi, na yule anayekufa hamwachii mama deni. Ujuzi ukishapatikana na akiba ikiwapo, kundi linaweza kuongezwa. Na kama mkopo unahitajika, yapo mafungu ya halmashauri yaliyowekwa kisheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo isiyo na riba ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni haki yetu kuuliza katika mkutano wa kijiji au mtaa ni vikundi gani vimepewa, na kwa vigezo gani.

TUFANYE NINI?

Napendekeza kila jumuiya ianze na mambo manne. Kwanza, ihesabu kuku wote wa mtaa wake, pamoja na wa majirani wasio waamini wetu. Pili, ichague watu wawili, mmojawapo awe mwanamke, wafundishwe kuchanja na afisa mifugo wa kata. Tatu, ipange tarehe zisizobadilika, mathalani juma la kwanza la Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila nyumba ichangie kadiri ya idadi ya kuku wake; mjane na mgonjwa wasiachwe kwa kukosa mchango. Nne, iwe na makubaliano ya amani: msimu wa kupanda, kuku wafungiwe mpaka mbegu ziote, na kuku akiharibu mchicha wa mtu, mwenye kuku alipe bila matusi.

Hayo yakitendeka, methali ya wahenga haitafutika, lakini itakuwa na jibu. Kuku wa maskini atataga akilishwa, ataangua akitunzwa, na mwewe atakuta tenga limefunikwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, nani hutunza kuku na nani huamua kuwauza? Je, ni mtu mmoja?

2. Mdondo ulipopita mtaani kwetu mara ya mwisho, tulilaumu nini au nani? Tulifanya nini baadaye?

3. Je, yuko mwanajumuiya aliyenaswa na mikopo ya kausha damu? Tunawezaje kumsaidia bila kumwaibisha?

4. Siku yetu ya kwanza ya chanjo itakuwa lini, na nani atakwenda kuonana na afisa mifugo?